Mwalimu Mpya wa Ufundi Bomba

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya sita bila mwalimu wa ufundi bomba. Tumekaa watu ishirini na wanne tukitazama mchoro wa tangi la choo uliobaki ubaoni tangu muhula uliopita. Bomba lenyewe hatujaligusa hata kwa kidole.

Leo tumekwenda kwa Msajili kulalamika. Msajili wetu hatazami watu, anatazama karatasi. Akafunua ratiba, akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa "Mwalimu Mpya", akasema huyu hapa, yupo, kama hatumwoni tatizo ni letu. Akatufukuza.

Mtihani wa vitendo ni baada ya wiki mbili. Fomu ya kila mtahiniwa lazima isainiwe na mwalimu wa somo. Hakuna saini, hakuna mtihani. Na dada yangu mkubwa, aliyenilea kwa mkono mmoja na kunipiga konzi kwa mwingine, ameshatoa hukumu: nisipoufanya, nakwenda kunyonyoa kuku kwenye machinjio ya mjomba. Kuku mia tatu kwa siku! Mimi unyoya mmoja tu hunipigisha chafya mpaka machozi.

Wenzangu wamekata tamaa. Mimi nani? Kichwa changu hakikai bure. Kama Mwalimu Mpya hana sura, basi achukue yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima koti jeupe la shemeji. Sijamwambia, lakini ni kuazima. Shemeji ni kinyozi, koti lina nywele za mtaa mzima. Nimelikung'uta. Kalamu tatu mfukoni, penseli sikioni. Ningejikuta njiani ningejiamkia.

Nikaingia kwa Msajili kwa kishindo cha mtu mwenye haki yake. Bila kuinua macho akanikaribisha. Akanilaumu kwa kuchelewa wiki sita, kisha akasema hata hivyo nimewahi kuliko yule wa mwaka jana. Nikapewa kikombe, kiti cha miguu mitatu na ufunguo wa kabati lisilo na mlango.

Nikaomba fomu nizisaini palepale. Akasema pole pole, mwalimu, fomu ni Jumatano ya wiki ijayo, na hasainiwi mwanafunzi asiyehudhuria vipindi.

Basi nitafundisha! Kwani kuna nini? Maji yanaingia huku, yanatokea kule.

Alhamisi, 6 Machi

Kipindi cha kwanza. Darasa limecheka robo saa nzima. Nikawaeleza mpango: watulie, wahudhurie, nitawasainia wote. Makofi! Mmoja kanibusu paji la uso.

Nuksi ni Rula. Huyu ndiye kiranja wetu, tunamwita hivyo kwa sababu amenyooka mpaka anakera. Daftari la mahudhurio liko mikononi mwake, na ukienda kujisaidia tu anakuandika kwa wino mwekundu. Akaanza kuita majina. Akafika kwenye langu. Nikasema nipo. Akaliita tena. Nikasema nipo hapa, wewe, mbele yako! Akanitazama usoni kwa upole wa muuguzi, akasema, "Samahani mwalimu, mwalimu haitikii mahudhurio." Kisha akaandika: hayupo.

Kijicho tu. Jambo hili nitalimaliza Jumatano.

Nimefundisha dakika arobaini. Kiwiko cha bomba ni kile kinachofanana na kiwiko. Koki ukizungusha huku inafunga, ukizungusha kule inafungua, ukichanganya unalowa. Kipaji nilikuwa nacho, nilikosa ubao tu.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisi ya walimu ni pepo ndogo. Chai saa nne, chai saa sita. Mwalimu wa uchomeleaji amenichukua kama mdogo wake. Mashine yake iko kwa fundi mwaka wa tatu, anafundisha kwa kutoa sauti ya cheche kwa mdomo. Anasema wanafunzi wake wamefikia kiwango cha juu, wanaweza kuitoa sauti hiyo hata wakiwa wamefumba macho.

Ijumaa sikuingia darasani, chai ilikuwa ya moto. Leo sikuingia tena, tulikuwa na kikao kuhusu walimu wanaochelewa. Kimeanza saa mbili baada ya muda wake. Nimemtuma mtu awaambie wanakili mchoro wa tangi la choo.

Saa tisa Msajili kanikabidhi barua. Wanafunzi wa ufundi bomba wanalalamika! Eti Mwalimu Mpya haingii, hafundishi kwa vitendo, na akiingia hajui kitu. Saini ishirini na tatu, ya Rula juu kabisa. Wasaliti! Watu niliowavalia koti la nywele! Wanafunzi wa siku hizi hawana adabu kabisa.

Nikajibu kwa maandishi kwamba malalamiko yametiwa chumvi. Msajili akasema nimekomaa haraka.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya fomu. Nimesaini ishirini na tatu kwa mbwembwe, hata ya Rula, maana nina moyo mkubwa. Ya ishirini na nne ilikuwa yangu. Nilipoinua kalamu, Msajili akanishika mkono. Akafungua daftari la mahudhurio. Mwanafunzi huyu, akasema, hajaingia kipindi hata kimoja tangu mwalimu aje! Nyekundu, nyekundu, nyekundu!

Nikamtetea. Nikasema namfahamu, ni kijana mwenye akili kupita kiasi, mpole, tena mtanashati. Msajili akasema huruma ndiyo inayoua vyuo. Ijumaa kikao cha nidhamu. Mwanafunzi aje na mlezi wake. Mwalimu aje kutoa ushahidi.

Mwanafunzi ni mimi, mwalimu ni mimi. Ni Ijumaa ileile, saa ileile, chumba kilekile.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevaa koti, nikakaa kiti cha mwalimu. Mkuu wa chuo akauliza mwanafunzi yuko wapi. Nikasema ngoja nimfuate. Nikatoka, nikavua koti, nikalificha nyuma ya pipa la taka, nikaingia. Shikamoo zangu mpaka sakafuni. Mkuu akasema vizuri, sasa mwalimu aseme. Kiti kitupu! Nikasema ngoja nimwite. Nje, pipa, koti, ndani. Nikamshtaki huyo kijana kwa upole. Mkuu akataka ajibu. Nje, pipa, vua, ndani. Safari sita! Jasho chapachapa. Msajili anaandika tu, kichwa chini: mwalimu katoka, mwanafunzi kaingia. Mkuu anasinzia kwa vituo.

Safari ya nane nikiwa ndani ya koti, mlango ukafunguka. Dada.

Akanitazama juu mpaka chini. Akauliza koti la mume wake linatafuta nini kwangu, maana jamaa ananyoa watu akiwa na fulana tu siku kumi. "We mtoto, vua!" Akanikamata sikio.

Nikajua nimekwisha. Lakini Msajili akagonga meza, kichwa kilekile chini. Akamwambia dada: mama, mwalimu hashikwi sikio hapa, na kama nyumbani kwake ndivyo ilivyo, si ajabu mdogo wake ameharibika! Dada akaliachia sikio. Sijawahi kumwona dada akikosa neno tangu nizaliwe.

Uamuzi: mwanafunzi hafanyi mtihani. Mwalimu, kwa uvumilivu aliouonyesha, ateuliwe kuusimamia.

Nyumbani dada alilipata neno lake. Alilipata kwa saa mbili. Jumatatu jioni mjomba ananitarajia.

Jumatatu, 17 Machi

Maji ya chuo yamekatika tangu jana, kwa hiyo mtihani wa vitendo umefanywa kwa ishara. Wenzangu wanapita mmoja mmoja, wanashika hewa, wanafunga koki ya hewa. Mimi nasimamia. Nawaambia wasiangaliane hewa. Roho inaniuma kama jino. Rula alizungusha mkono vizuri mno, kisha akainama, "Asante, mwalimu."

Katikati ya mtihani akaingia mama mmoja mfupi, sanduku la vifaa begani. Akasema yeye ndiye Mwalimu Mpya, barua yake ya uhamisho ilizunguka ofisi tisa. Msajili akamjibu kuwa amechelewa, Mwalimu Mpya tunaye. Yule mama akanigeukia. Akaniuliza koki ya nusu inchi naizungushia tepu ya kuzuia kuvuja mara ngapi.

Nikasema inategemea hali ya hewa.

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Msajili akainua macho. Akaniona. Akavua miwani, akaifuta, akaniona tena.

Msajili na Mkuu, aliyeitwa haraka, walitaka kunifukuza palepale. Yule mama akakataa. Akasema kijana kamkalia kiti wiki mbili, naye anataka kumkalia kichwani muhula mzima. Nirudie somo kwake, kuanzia kesho saa mbili kamili, kwa bomba la kweli. Nikikosa kipindi kimoja, nje. Dada alipopigiwa simu akaafiki: nikikosa kimoja, kuku.

Nimeokoka! Nimelia kidogo. Nimeapa mbele ya wote kwamba sasa nimekuwa mtu.

Jumanne, 18 Machi

Saa moja na dakika hamsini nilikuwa chuoni. Nimeoga, nina daftari jipya. Mwalimu ameshafika, nasikia spana yake kule karakana.

Ila njiani kuna darasa la umeme. Nimechungulia tu. Watu thelathini wanatazama ubao, wiki ya nne hawana mwalimu, wanyonge kama watoto waliosahauliwa kituoni. Kwenye ratiba yao mlangoni, mahali pa jina la mwalimu, pameandikwa "Atatangazwa".

Moyo umenishika. Nitaingia dakika kumi tu, niwatie nguvu, kisha nikimbie karakana. Wameshasimama kunisalimia, ningefanyaje?

Umeme siusomei, sawa. Lakini nyumbani nimewahi kubadilisha balbu mbili. Moja iliwaka.