Taa Nyekundu ya Gari la Dada

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Habari mbaya kabla ya chai. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, amepata kazi. Muuguzi wa zahanati, mbali huko, safari ya kutwa nzima, nusu yake vumbi tupu. Nyumba nzima imefurahi. Mimi nami nilifurahi, mpaka aliposema ataondoka Jumapili na gari la mama yake.

Gari la mama yake! Kwa hiyo ndivyo linavyoitwa siku hizi. Ni kweli dada alilinunua kwa jasho la cherehani. Ni kweli pia kwamba kabla hajafariki alisema litakuwa la binti yake siku akipata leseni. Mimi nilikabidhiwa nilitunze tu. Lakini mtu akitunza kitu miaka yote hii, akakiosha, akakiegesha mbele ya kinyozi kila jioni watu wakiona, kitu chenyewe kinajua bwana wake ni nani.

Ni Toyota. Sina haja ya kuandika zaidi. Mtaani naitwa Profesa wa Toyota. Jina nilijipa mwenyewe, wengine wakalizoea. Bila gari hilo mimi ni nani? Mwanamume wa makamo anayelala chumba cha uani kwa shemeji yake.

Jambo dogo la pembeni. Taa nyekundu ya oili bado inawaka. Ilianza kwa kukonyeza, sasa imekodoa jicho. Leo nimeibandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme. Imetulia. Toyota haifi. Taa ni woga wa waya tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefikiri sana. Njia rahisi ya kubaki na gari ni kusema ukweli, kwamba linaumwa. Taa inawaka, injini inagonga asubuhi kama mtu anayetafuna mifupa. Binti atasema basi Mjomba, baki nalo, nitapanda basi. Kazi imekwisha.

Haiwezekani. Nimewaambia watu kwa kinyozi kwamba injini hii haijawahi kufunguliwa na haitafunguliwa hadi kiama. Nimewasimulia nilivyovuka nalo mto maji yakiwa juu ya vioo, samaki wananipungia mapezi, na wiper zikafanya kazi yake kama kawaida. Leo niseme linaumwa? Kinyozi atanicheka hadi wembe umteleze.

Kwa hiyo ukweli ungenisaidia, na siwezi kuutumia. Sijui kama kuna mtu amewahi kufungwa na kamba yake mwenyewe vizuri namna hii.

Mpango wa leo: nimemwambia binti kwamba gari hili limezoea mkono mmoja. Mkono mgeni likiuona linagoma. Shemeji, yaani baba yake, alikuwa anasoma gazeti. Akauliza bila kuinua macho kama na petroli nayo linakunywa kwa mkono mmoja. Binti akacheka hadi akashika ubavu. Shemeji tangu amwoe dada yangu ana kawaida ya kuniharibia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa pili ulikuwa heshima. Baada ya chakula nilimweleza binti kwamba gari la kampuni kubwa hivi haliendeshwi na mtu asiyejua historia yake. Nikampa historia. Nikasema kampuni ilianzishwa na nahodha aliyechoshwa na meli zake kuzama, akaapa kutengeneza chombo ambacho hakizami hata kikiwa nchi kavu.

Binti alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Mjomba, walianza na mitambo ya kufuma nguo."

Nikamwambia asinichekeshe. Nguo na gari wapi na wapi?

Akanieleza. Anasema mwanzilishi alikuwa mtoto wa seremala huko Japani. Alimwona mama yake akihangaika na kitanda cha kufumia, akaanza kubuni mitambo. Kwa miaka mingi akairekebisha, hadi akapata mtambo ambao uzi mmoja tu ukikatika, unasimama wenyewe. Haungoji mtu aone. Nguo mbovu haifumwi. Baadaye mwanawe ndiye aliyeingia kwenye magari. Na viwandani kwao, anasema, mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, na mstari mzima wa kuunganisha magari unaweza kusimama mpaka jambo lieleweke. Heshima yote ile ya magari yao ilitokea huko, kwenye kukubali kusimama.

Shemeji akakunja gazeti. Akaitazama cherehani ya dada, ile iliyofunikwa kitambaa pembeni ya kabati.  Mimi nikaaga mapema, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Nimelitafakari hapa chumbani. Nimekubali kwamba habari ya uzi ni ya kweli, na kwamba kwa namna fulani nilikuwa naijua siku zote.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi. Leo kwa kinyozi nimesimulia habari ya uzi na ya kamba. Nimeongeza chumvi kidogo tu: mtambo ukisimama, kiwanda kizima kinavua kofia.  Fundi viatu mmoja aliyekuwa ananyolewa alimzuia kinyozi kwa mkono ili asikie vizuri. Nimesema kwamba ukubwa wa kampuni hauko kwenye kukimbia, uko kwenye kujua kusimama. Nilijisikia mwenyewe nikisema hivyo, nikajipenda.

Kisha kinyozi, ambaye hajui kunyamaza pazuri, akauliza, "Na wewe Profesa, ukiona kasoro kwenye gari lako unavuta kamba gani?"

Nikamjibu kwamba gari langu halina kasoro. Akasema ehe. Akaendelea kunyoa.

Nilipowasha gari kurudi nyumbani lilitafuna mifupa kwa nguvu kuliko jana. Nikafungua redio. Taarabu, sauti juu. Mifupa haikusikika tena, ila usukani ulikuwa unatetemeka mkononi mwangu kama mtu anayetaka kusema neno.

Nimekaa ndani ya gari uani kabla ya kushuka. Niliinua pembe ya utepe nikachungulia. Bado nyekundu. Nikaurudisha. Jumapili binti atakuwa kwenye barabara ile ya vumbi, peke yake. Nimejiambia kwamba Toyota haifi. Nimejiambia mara kadhaa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi.

Binti alitaka kulijaribu gari. Yeye usukani, mimi kando yake, shemeji nyuma na miwani yake. Mimi nikawahi redio. Anaendesha vizuri, lazima nikiri. Mikono ya mama yake, haina haraka.

Tulikuwa tunapanda mlima wa sokoni. Jua la mchana limepiga dashibodi, gundi ya utepe ikalainika, pembe ikajikunja. Chini yake kukawa na wekundu. Binti akaona. Akazima redio kwanza. Mifupa ikasikika gari zima.

Akauliza hii ni nini. Nikasema ni nakshi.

Akaubandua utepe kwa ukucha. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona dereva akilifanya. Hakusema nitafika juu kwanza. Hakutafuta kivuli. Aliwasha taa za tahadhari, akasogea pembeni kiasi alichoweza, akazima injini pale pale katikati ya mlima. Lori nyuma yetu likapiga honi. Basi likapiga honi. Mwenye mkokoteni wa viazi akatutukania ukoo mzima, na kwa kuwa tulikuwa watu wa ukoo mmoja ndani ya gari hakuna aliyesalimika. Mimi nikamwambia binti twende, twende, watu wanatutazama. Akasema waache watazame.

Akafungua boneti. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa leso, akakirudisha, akakivuta tena. Kikavu. Kwenye ncha tu palikuwa na tone jeusi kama wino uliobaki kwenye kalamu. Shemeji alikitazama kile kijiti, akanitazama mimi, akashuka mlima kwa miguu kwenda kununua oili. Mtu wa umri wake. Sikuweza kumtazama mgongo.

Mimi na binti tukabaki tumekaa kwenye ukingo wa barabara. Nilingoja kugombezwa. Nilikuwa na majibu tayari, mazuri, mengine ya kuchekesha. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mama yake uzi ukikatika alikuwa anasimama, hata mteja awe amesimama mlangoni.

Ni kweli. Nilikuwepo kabla yake. Nilikuwa mtoto wa shule, dada ananishonea kaptura, kengele ya shule karibu kulia. Uzi ukakatika. Nikamsihi aendelee, mshono hauonekani, ni huko nyuma. Akainua mguu wa cherehani, akatafuta ncha ya uzi, akailamba, akaitia upya kwenye sindano huku mimi narukaruka kwa wasiwasi. Nilichapwa kwa kuchelewa. Lakini kaptura ile haikuwahi kuachia. Ilinichoka yenyewe.

Vumbi la sokoni ni kali. Liliniingia macho yote mawili.

Shemeji alirudi na oili, jasho hadi kifuani. Binti akatia, akangoja, akapima, akatia. Akawasha. Taa ikawaka kidogo kisha ikazimika yenyewe, bila msaada wangu. Mifupa ikapungua ikawa kama mtu anayetafuna karanga. Akasema lingeenda hivyo hadi Jumapili lingemfia njiani, porini, mahali hata simu haishiki. Alisema bila hasira, kama anavyomsomea mgonjwa joto lake.

Nilimwuliza kwa nini hanigombezi. Akasema viwandani kule anayesimamisha mstari hagombezwi, wala hawaanzi na kutafuta wa kulaumu, wanatafuta kasoro iko wapi. Nikasema ndiyo, hata mimi nilimwambia kinyozi hivyo. Akanitazama kwa muda mrefu sana.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Gari gereji kutwa. Sili, ile raba ya kuzuia oili, imevuja, ndiyo iliyokuwa inapoteza oili yote. Wameibadilisha. Injini imefunguliwa. Nimeandika, basi. Imefunguliwa na imefungwa na dunia haikuisha.

Shemeji hajanisemesha tangu jana, ila usiku aliniwekea chakula mezani na kukifunika. Nilikula. Nilitaka kumwambia samahani. Nilimwambia mchuzi umekolea. Akasema haya.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ameondoka alfajiri. Aliweka kitambaa cha cherehani ya mama yake kwenye kiti cha kando, kimekunjwa. Shemeji alishika mlango wa gari kwa muda kabla ya kuuachia. Mimi nilimpa binti maelezo ya mwisho kuhusu mkono mmoja. Akanikumbatia.

Kisha akanipa funguo. Nilidhani amebadili mawazo. Kumbe ni za pikipiki yake, ile ndogo aliyokuwa anaendea mafunzoni. Alisema hataki nitembee kwa miguu. Alisema pia mnyororo umelegea na unalia, nisiendeshe kabla sijamwona fundi. Alirudia mara mbili. "Mjomba, umesikia? Mnyororo." Nikasema nimesikia.

Gari likakata kona. Halikutoa sauti yoyote. Nilisikiliza hadi mwisho.

Uani pamebaki doa jeusi la oili, la ukubwa wa sinia. Sikuliona siku zote hizi kwa sababu gari lilikuwa limeegeshwa juu yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku njema. Kwa kinyozi waliuliza gari liko wapi. Nimewaeleza kwamba nimemkabidhi binti rasmi, baada ya kumpa mtihani. Nilibandika utepe kwenye taa makusudi nione kama ataugundua. Alifaulu. Nilimsimamisha katikati ya mlima wa sokoni, malori yamejipanga hadi mjini, madereva wamevua kofia. Fundi viatu alisema yeye alisikia matusi tu. Nikamwambia hayo yalikuwa ya upande wa pili wa mlima.

Sasa mimi ni mtu wa pikipiki. Ya Kijapani pia, kampuni nyingine, nayo ina historia ndefu ambayo nitaikumbuka karibuni. Hizi hazifi. Nimekwisha kuwaambia kwamba niliwahi kuvuka jangwa kwa moja kama hii, bila petroli, kwa mteremko.

Nilipoondoka shemeji alikuwa mlangoni. Akapaza sauti kwamba mnyororo unalia hadi ndani. Ni kweli ulikuwa unalia kidogo.

Kwa bahati binti aliacha na helmeti yake. Nzuri sana. Sponji nene, inabana masikio yote mawili. Nikaivaa, nikaikaza. Kimya kabisa.