Kikaushio cha Shaba

Jumatatu, 3 Machi
Gari la daktari wa meno limerudi. Mlango wa mbele umeota vipele kama uso wa kijana anayebalehe. Binti yangu, mwenye karakana na mpuliza rangi wetu, akanitazama mimi. Mimi! Nikamweleza kwa upole kwamba wa kulaumiwa ni mvuke. Kompresa huiminya hewa, hewa hutoka ya moto, hupoa ndani ya mpira wa kupulizia, na maji yake hurukia mlango pamoja na rangi. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, najua ninachosema. Akasema basi atanunua kikaushio cha dukani. Cha nini, nami nipo? Akashusha pumzi. Sharti: daktari anachukua gari Ijumaa jioni. Mlango ukiharibika tena, nakabidhi ufunguo wa karakana na kubaki nyumbani nipumzike. Kupumzika! Najua watu waliokufa kwa kupumzika.

Jumanne, 4 Machi
Nadharia ni nyepesi: hewa ipite kwenye bomba la shaba lililozamishwa katika barafu, maji yageuke matone, hewa itoke kavu. Nimelizungusha bomba kwenye sufuria kubwa ya mke wangu ili mizunguko ilingane. Imelingana kabisa. Sufuria haitoki. Imebidi izame pamoja na bomba. Mke wangu ameniuliza iliko. Nimemjibu kwamba inatumikia sayansi. Amesema chakula changu nacho kitatoka huko huko kwa sayansi.

Jumatano, 5 Machi
Amekuja shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea na mpinzani wangu katika kila jambo tangu siku ya posa. Akaizunguka mashine mara mbili. Eti, "Mwalimu, maji yakishatoka kwenye hewa, yanakwenda wapi?" Nikamfafanulia hali tatu za maada, kwa mchoro wa chaki sakafuni. Dakika arobaini. Akashukuru sana, akasema ameelewa yote, ila yanakwenda wapi? Kuna watu hawafundishiki.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi: ushindi! Nimepuliza hewa kwenye kioo kwa dakika kumi, hakuna hata tone. Binti ametabasamu. Nimemshauri shemeji achukue kalamu aandike.

Mchana: binti akaanza mlango. Nusu ya kwanza, laini kama maziwa. Daktari akapita kuchungulia. Akafungua kinywa atusifu. Hapo hapo bunduki ya rangi ikakohoa, ikaruka mkononi mwa binti, ikatema maji ya asubuhi nzima. Yaliyokosa mlango yalimpata daktari. Kinywani. Rangi ya kijivu, meno yote.

Binti alinyoosha mkono tu. Nimempa ufunguo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekuja kama mgeni, nimekaa kwenye benchi la wateja. Shemeji alikuwa amefika kabla yangu. Ametoboa bomba pale chini kabisa, akachomelea koki ndogo. Akaifungua: maji yakatoka, nusu kikombe! Akanitazama, lakini hakucheka. Jambo hilo liliniuma kuliko kama angecheka. Binti akausugua mlango upya, akapuliza, akawa anafungua koki kila baada ya muda. Jioni mlango uling'aa hata daktari akajikagua meno ndani yake. Ameondoka anapiga honi.

Kisha shemeji akamwambia binti, "Mpe baba yako ufunguo wake, mwanangu. Bila bomba la Mwalimu, koki yangu ningeiweka wapi?" Nimeupokea. Macho yaliniwasha kidogo. Ni harufu ya rangi.

Jumamosi, 8 Machi
Wateja wawili wameisifu mashine yangu. Nimekaa karibu nayo kutwa nzima ili nieleze. Ndipo nikagundua dosari. Kila koki inapofunguliwa, pssss! Hewa kavu, hewa yangu niliyoihangaikia, inapotea bure. Nimehesabu: mara kumi na nne kwa siku. Ukweli ni kwamba shemeji ni fundi mzuri, lakini presha hajaisoma. Sikumwambia, nisije nikamvunja moyo.

Kesho karakana imefungwa, hapatakuwa na mtu wa kuniuliza maswali. Ufunguo ninao. Kizibo cha shaba, kinachoingia kwenye koki barabara kabisa, nimeshakichonga.