Ombi la Kurudishwa Utumwani kwa Siku Saba za Saturno

Kwa Bwana wangu na mlezi wangu, Lucius Opellius Macer,
nyumbani kwako, kilima cha Eskwilino.

Bwana, pokea heshima zangu. Mimi sijambo, tena sijambo kupita kiasi. Katika Roma nzima hajazaliwa mtu mwenye bahati kama mimi, Hermeros, uliyeniacha huru miaka mitatu iliyopita ukanipa na jina lako juu. Nakaa mtaa wa Subura, ghorofa ya sita, ambako moshi wa sadaka hunifikia mimi kabla ya kuwafikia miungu. Mtaa mzima hunisalimu kwanza. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kusoma nilijifundisha kwenye maandishi ya mitungi ya mchuzi wa samaki jikoni kwako, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, walaumu samaki.

Pamoja na bahati yote hiyo, nina malalamiko. Sikukuu ya mungu Saturno imebakiza siku tisa, na yaliyonipata mwaka jana sitaki yajirudie.

1. Desturi ni kwamba siku hizo mabwana huwapakulia watumwa wao na kuwahudumia. Mimi, kama impasavyo kila aliyeachwa huru, nilikuja alfajiri kukuamkia, nimejizungushia toga, lile shuka rasmi la raia. Nilisahau kwamba sikukuu hiyo hakuna mtu Roma anayevaa toga. Bawabu wako akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Mzee, msiba uko nyumba ya pili."

2. Ukumbini nikakuta watumwa wamejilaza kwenye vitanda vya kulia chakula, wewe umeshika jagi la mvinyo. Nikatafuta pa kukaa. Kwa watumwa sikuwamo, maana niko huru. Kwa mabwana sikuwamo, maana nilikuwa mtumwa. Ukaniona nimesimama kama nguzo, ukasema, "Afadhali umekuja, Hermeros, mgongo unaniua," ukanikabidhi jagi ukaenda zako kulala. Nikawanywesha watu thelathini mpaka jua likazama. Filo mpishi, ambaye zamani tulichapwa naye kwa fimbo moja, aliniita "bwana mdogo" na kunirudishia kikombe, eti nimetia kidole. Mke wangu Thallusa naye akagonga meza: "Wewe mwenye toga, huku tumesahauliwa?" Nilipomwinamia akaninong'oneza kwamba hajapata kuhudumiwa na mwanamume mzuri namna hii. Hilo silo ninalolalamikia.

3. Kofia ya uhuru, anayovishwa mtumwa siku anapoachwa huru, niliitumikia miaka kumi na minane. Sikukuu hiyo kila kichwa huvaa kofia hiyo hiyo: wewe, bawabu, Filo, hata mbwa wa mlangoni alivishwa. Mbwa yule, Bwana, hajatimiza hata miaka miwili kazini.

4. Hili ndilo zito. Thallusa bado ni mali yako, na sasa ana mimba ya miezi minane. Sheria inasema mtoto humfuata mama. Maana yake mwanangu atazaliwa mtumwa wako, na mwakani atalazwa kwenye mto ukumbini, huku mimi, baba yake mzazi, nimesimama namiminia watu. Mtoto atakuwa amempita baba daraja kabla hajajua kutembea. Nyumba gani itakuwa na adabu hapo?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, unirudishe utumwani kwa siku saba za sikukuu. Ukiona vema, ongeza na miezi ya baridi, maana upepo wa ghorofa ya sita hauna mwenyewe. Ukiona vema zaidi, nirudishe moja kwa moja, ili baba, mama na mtoto tuwe wa daraja moja. Masharti yangu ni machache: nisiuzwe, nisichapwe, na alfajiri uwe unakuja wewe kuniamkia, maana magoti yangu yamechoka kupanda kilima chako.

Nisalimie Bibi Vettia, bawabu, wote wa jikoni, na Filo pia. Mwambie kidole kilikuwa chake.

Ni mimi uliyenipa jina,
Lucius Opellius Hermeros

Baada ya sahihi: Bwana, barua hii nimemsomea Thallusa dirishani pa jiko lako. Sehemu zote nilizodhani atacheka, hakucheka. Akashika tumbo, akaniambia, "Ukirudi humu ndani, huyu atakuwa na nani huko nje?" Basi yote niliyoyaandika yafute. Sitaki utumwa hata wa nusu siku. Ninachotaka ni kimoja: mwache Thallusa huru kabla hajajifungua, ili mtoto atakapotoka akute hana bwana. Siku zinakwisha, na sikujua namna ya kukuomba jambo kubwa hivi bila kukuchekesha kwanza.

Na ile bahati niliyojisifia, sina. Nilikudanganya.