Funguo Saba na Begi la Uyoga

Jumatatu, 3 Juni

Naanza kuandika kwa ajili ya historia. Nahodha lazima aache maandishi. Jumamosi chumba chetu cha gemu kinapata nahodha wa kutuongoza dhidi ya wale wa ng'ambo ya barabara, na nahodha huyo ni mimi. Nimeshamwambia mama. Nimeshamwambia kinyozi. Nimewaambia hata wale wa ng'ambo.

Kimebaki kitu kidogo tu. Kushinda.

Masharti ni ya Mzee Waya, mwenye chumba. Kwenye gemu letu kila mchezaji ana begi lake: upanga, kamba, tochi, dawa, na funguo anazookota mapangoni. Mwenye funguo saba tofauti anafungua Lango Kuu. Atakayelifungua wa kwanza Jumamosi ndiye nahodha. Basi. Mimi ninazo tano. Profesa, yule kijana wa miwani anayesoma hata maandishi ya kwenye kopo la rangi, anazo sita.

Nikamwendea kistaarabu. Nikamwambia anipe mmoja, nami nitamlinda mtaani. Akauliza nitamlinda dhidi ya nani, maana anayemsumbua mtaani ni mmoja tu, na ndiye huyu anayeomba ufunguo. Nikaaga kistaarabu vilevile.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata wa sita! Ufunguo wa fedha, pango la popo, baada ya kufa mara kumi na moja. Nilikuwa nampima adui.

Kisha nikaupoteza. Si mimi. Ni taa.

Ngoja nieleze. Kila mtu ana kadi yake, ndogo kama ukucha wa dole gumba, na begi lake linakaa humo. Mzee Waya anazitundika ukutani kwenye misumari, kila moja ndani ya kifuko chenye jina, na mwenyewe akitaka yake anaichukua. Kabla hujainuka unabonyeza kusevu, taa nyekundu inapepesa, unangoja izime, ndipo unachomoa. Sasa mimi ni mtu wa kasi. Nilitaka Profesa anione nikitoka kwa maringo kabla hajapata la kusema. Nikachomoa taa ikiwa bado inapepesa.

Niliporudisha kadi, begi lilikuwa la jana. Funguo tano! Hata dawa nilizokwisha kunywa zimerudi, ufunguo hola.

Mzee Waya akasema tangu afungue chumba hiki ameona wajinga wenye haraka, na ameona wajinga wenye maringo, lakini hao wawili ndani ya suruali moja ndiyo mara ya kwanza. Watu wakacheka mpaka pedi za kuchezea zikaanguka. Nimeyaandika majina yao mahali.

Jumatano, 5 Juni

Wa fedha nimeupata tena. Saa tatu nzima! Nikasevu, nikaikodolea taa macho mpaka ikazima, nikaendelea kuikodolea hata ilipokwisha kuzima.

Sita sasa. Uliobaki ni wa shaba, na wa shaba mpaka sasa ameupata mtu mmoja tu: Kibonge, binamu yangu. Inauma! Yule hapigani na mtu. Hana hata upanga. Kutwa anazunguka msituni kuchuma uyoga. Begi lina nafasi arobaini. Thelathini na tisa amejaza uyoga, ya arobaini ufunguo. Aliukuta chini ya uyoga.

Nikamwomba. Akasema hapana. Nikamkumbusha kwamba sisi ni damu moja, mama yake na mama yangu wamenyonya titi moja. Akasema hata baiskeli yake niliichukua kwa damu hiyohiyo, ikarudi haina kiti.

Wazo likanijia nikiosha masufuria. Akili nyingi ni mzigo, jamani! Dada anafanya kazi duka la fotokopi, kwenye kompyuta. Tunanakili kadi ya Kibonge ufunguo ukiwa bado ndani. Kisha Kibonge ananipa ufunguo. Kisha tunarudisha ile nakala kwenye kadi yake. Ufunguo wake huo hapo, kama haukutoka! Yeye anao, mimi ninao. Nani ameibiwa?

Kibonge alifikiri muda mrefu. Halafu akauliza kama uyoga utarudi wote. Nikaapa.

Alhamisi, 6 Juni

Dada amekubali, kwa sharti nifue mapazia yote ya nyumbani. Akauliza ninanakili nini. Nikamwambia ni mambo ya teknolojia, asijichoshe. Akasema teknolojia hiyo ina matope viatuni, ivue mlangoni.

Asubuhi nikanakili begi la Kibonge. Folda nikaiita Begi.

Mchana, chumbani kwa Mzee Waya, tukakaa mashine mbili zinazopakana, Kibonge akanikabidhi ufunguo wa shaba amefumba macho kama anachomwa sindano. SABA! Nikasevu. Taa ikazima. Nikauma kola ya shati nisipige kelele.

Jioni nikapita tena dukani kunakili na begi langu, kwa usalama. Folda nikaiita Begi Jipya. Hapo nikaitazama ile ya Kibonge. Begi! Jina gani hilo kwa mpango mkubwa namna hii? Nikalibadilisha kuwa Begi Jipya Kabisa. Nikalala kama mfalme.

Ijumaa, 7 Juni

Ijumaa mashine za Mzee Waya zinapulizwa vumbi, hakuna kucheza, kila mtu anakaa na kadi yake. Nikaenda dukani na mbili, yangu na ya Kibonge.

Yangu haikuwa na shida. Ilikuwa na funguo saba, nzima, imetulia. Lakini nikaamua niirudishie nakala nayo. Dada, mikono imejaa karatasi, akauliza: kama chako kizima, unakigusa cha nini? Nikamweleza kwamba kitu kizima kikihifadhiwa mara mbili kinakuwa kizima zaidi. Akanitazama kama anavyoitazama ile mashine ikitafuna karatasi ya mteja.

Folda mbili mbele yangu. Begi Jipya. Begi Jipya Kabisa. Nikasita, sekunde moja hivi. Lakini funguo saba ndizo habari mpya kabisa mtaa huu, nani atabisha? Jipya Kabisa nikaliweka kwenye kadi yangu, Jipya kwenye ya Kibonge. Kompyuta ikauliza kama nina hakika nataka kufuta kilichokuwamo. Ndiyo. Ikauliza tena. NDIYO! Mashine nazo zina umbea.

Dada akafuta folda zote, maana wateja walikuwa wanangoja. Nikamshukuru kwa kuondoa ushahidi.

Mapazia manne nimeyafua. Mengine nimeyalowesha.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Chumba kilijaa. Wale wa ng'ambo walibandika nyuso dirishani. Mzee Waya akatangaza kwamba kadi ikishaingia haitoki mpaka lango lifunguke. Nikalipigia makofi sharti hilo. Peke yangu.

Nikafungua begi mbele ya umati.

Uyoga.

Nikashuka chini. Uyoga. Chini zaidi. Uyoga! Na kwenye kona, ufunguo mmoja wa shaba, umekaa kama mgeni asiyejuana na mtu. Upanga sina. Tochi sina. Profesa akainama, akasukuma miwani juu, akaniuliza kwa upole kabisa leo napikia wageni wangapi.

Mara, mashine ya pili, Kibonge akaangua kilio. Analia kwamba uyoga wake umeibwa wote, halafu mtu kamwekea mapanga na mafunguo saba asiyoyajua. Watu wote wakaigeukia skrini yake. Mzee Waya akamwambia, taratibu, mwanangu, hebu tembea mpaka langoni. Kibonge akatembea, anafuta machozi kwa bega. Profesa alikuwa bado pangoni anatafuta wake wa saba. Kishindo! Lango wazi.

Nikasimama nipinge. Nikafungua mdomo. Sasa, nikisema zile funguo ni zangu, nitaulizwa zimefikaje kwenye kadi ya Kibonge. Nikisema zimefikaje, nitaulizwa wa shaba umekuwaje wawili. Nikafunga mdomo. Nikapiga makofi. Watu wakasema nimekua.

Nyumbani mama akauliza, haya, nahodha yuko wapi? Nikamwambia nahodha ametoka katika ukoo wetu, ashukuru.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari, nimeliona kosa. Mpango haukuwa na kosa hata chembe! Begi lilinakiliwa, likarudi, likashinda. Tatizo kadi zilikuwa mbili. Kadi mbili zinamchanganya hata msomi.

Leo Mzee Waya kaita timu. Wa tano ni mimi. Profesa alidai kura, nikapita kwa moja. Ili tusipoteze chochote kabla ya pambano, mabegi yetu yote matano yamehamishiwa kwenye kadi moja. Kibonge, kama nahodha, ndiye wa kuitunza. Lakini nahodha anaogopa hata kuishika. Akaniomba mimi. Profesa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akanitazama tena. Bado ni mimi.

Ninayo hapa mfukoni. Jasho la watu watano, mwaka mzima, na hakuna nakala nyingine. Wameniambia neno moja tu: usiiguse.

Na siigusi. Kesho nitapita tu kwa dada, dakika tano, kwa ujanja uleule wa kunakili, kila mtu nimwongezee upanga wa pili bila kumwambia. Watalia kwa furaha. Na safari hii kadi ni moja. Hapo mtu anakosea wapi?