Turbo kwa Injini Isiyozaliwa Nayo

Alhamisi, 23 Machi

"Injini ambayo haikuzaliwa na turbo isipewe turbo uzeeni." Ndivyo anavyoandika Lindsay Pomfret, mwenyekiti wa chama chetu cha wenye karavani, zile nyumba za kukokotwa na gari, hapa Tarrabee, katika jarida la chama la mwezi huu. Ukurasa wa mbele. Herufi nene! Na aliyelipiga chapa, kama kila mwezi, ni mke wangu mwenyewe, Noeline, bila kubadili hata nukta.

Upuuzi. Pomfret hakuzaliwa na meno, na aliyo nayo leo kayapata uzeeni. Je, ameacha kula nyama? Ameacha kuongea? Laiti!

Yeyote aliyesoma zaidi ya kitabu kimoja anajua kwamba turbo si uchawi. Ni konokono wa chuma. Moshi unaotoka kwenye injini unamzungusha, naye anasukuma hewa kuingia ndani. Hewa zaidi, dizeli zaidi, nguvu zaidi. Gari langu lina silinda sita na moyo wa simba. Linachokosa ni pumzi tu.

Pomfret hakumtaja mtu. Hakuwa na haja. Pasaka iliyopita, katikati ya mwinuko wa Gilroy, gari langu lilikata tamaa na karavani nyuma yake, na ni Pomfret aliyetufunga kamba akatuvuta mpaka kileleni, malori yakitupigia honi. Njia nzima alikuwa akipiga mluzi.

Noeline naye hajasahau. Leo, huku akimenya karoti, ametoa hukumu. Tukivuka Gilroy Pasaka hii kwa nguvu zetu wenyewe, tutafanya ile safari tuliyoiota tangu harusi: kulizunguka bara zima, pwani hadi pwani, mpaka turudi tulikoanzia. Tukivutwa tena, karavani inauzwa na tunahamia Port Carrow, kwenye fleti iliyo juu ya dada yake Glenys. Fleti! Ina kabati moja tu, na hilo limejaa vikombe vya Glenys.

Nikamuuliza kama anatania. "Murray, nilivutwa mbele ya chama kizima nikiwa na roli za nywele kichwani. Nina sura ya mtu anayetania?"

Hana.

Nimeamua. Turbo.

Jumamosi, 25 Machi

Gari liko kwa Kosta Vasilakis, mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha maziwa. Sauti yake ni ya dalali mnadani. Anapenda turbo kama wengine wanavyopenda farasi. Alikuwa nayo moja rafuni, imetoka kwenye gari lililogonga kangaruu. Anaapa kwamba kangaruu hakumgusa konokono.

Nilikaa juu ya tairi kutwa nzima nikimsomea hoja za Pomfret, naye akizitukana moja baada ya nyingine kwa Kigiriki. Siku nzuri sana.

Kafunga pia geji ya joto la moshi. Sindano ikigusa nyekundu, niondoe mguu. Halafu akanionyesha skrubu kwenye pampu ya dizeli, ile inayopima chakula cha injini. Ameiweka anapotaka, akaipaka rangi ya njano juu, kama muhuri. "Bosi, hii usiiguse. Hata ukiota umeigusa, amka unipigie simu."

Nikamwambia mimi ni mtu wa kusoma, si wa kuchokonoa. Alicheka mpaka akaegemea boneti.

Jumanne, 28 Machi

Inapiga mluzi! Mluzi wake yenyewe, kama birika la chai! Bila karavani, nimelipita lori la majani makavu kwenye mlima wa makaburini. Dereva alinitazama kama aliyeona bibi yake akiruka uzio.

Nikapita nyumbani kwa Pomfret. Alikuwa akimwagilia mawaridi. Nikapita tena. Na tena. Safari ya mwisho akainua mpira wa maji kunisalimia. Dharau!

Saa kumi jioni, mkutano wa chama. Msafara wetu una desturi yake: gari dhaifu hutangulia, ili lipime mwendo wa wote, na lenye nguvu kuliko yote hukaa nyuma kabisa. Hilo tunaliita mkia. Mkia hubeba kamba, koleo na redio ya upepo, na huwaokota wanaokwama. Mwaka nenda mwaka rudi mkia ni Pomfret, na aliyetangulizwa, kama mwanambuzi wa kuongoza kundi, ni mimi.

Nikasimama. Nikadai mkia. Nikawapa historia ya majeshi yote yaliyowahi kurudi nyuma na mashujaa waliopewa kulinda migongo. Wakaanza kula keki. Nikaendelea.

Mwishowe Pomfret akanikabidhi kamba mbele ya wote. "Mzee mwenzangu, mkia ni wako. Ila kumbuka, nyuma ya mkia hakuna kitu."

Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 31 Machi

Mgogoro wa vitabu. Chini ya kitanda cha karavani ninabeba ensaiklopidia nzima, juzuu zote, pamoja na historia na falsafa kidogo. Mtu atashindaje mabishano ya jioni kandokando ya moto wa kambi bila ushahidi? Noeline anataka vitolewe. Anasema Gilroy haipandwi na maktaba.

Nimetii. Nimevitoa vyote kwa mlango, sanduku baada ya sanduku, yeye akiangalia. Alipokwenda kwenye kwaya nikavirudisha kwa dirisha la upande wa pili.

Nikajaribu gari na karavani. Afadhali kuliko zamani, lakini haliimbi. Linaguna. Ni wazi Kosta amekuwa mwoga. Nikaikwangua rangi yake ya njano, nikaigeuza skrubu kidogo. Kisha kidogo tena, kwa heshima ya Pomfret.

Muhuri nimeurudisha kwa rangi ya kucha ya Noeline. Ni nyekundu. Ukisimama mbali, jua likiwa machoni, ni njano.

Jumapili, 2 Aprili

Sasa linaimba! Karavani nyuma, makaburini tumepanda kama lifti. Moshi mweusi kiasi. Mama mmoja alikuwa ameanika mashuka. Tumekimbia kabla hajafika getini.

Tatizo moja dogo. Sindano ya geji inapenda sana nyekundu, na Noeline anapenda sana kuisoma kwa sauti. "Murray, imefika. Murray, imepita. Murray, hii nyekundu ni ya nini?" Nikamwambia ni ya madereva wasio na uzoefu.

Mchana nimeihamishia geji chini, karibu na goti langu la kulia, asikoweza kuiona. Mke hapaswi kubebeshwa wasiwasi. Ndoa hujengwa kwa wema mdogo mdogo kama huu.

Alhamisi, 6 Aprili

Nayaandika haya kambini, juu ya kiti cha kukunja. Kiti si changu.

Asubuhi ilikuwa tukufu. Baridi kidogo, mbingu safi. Karavani zote mbele yangu, moja moja, na mimi mkia, kamba begani mwa kiti, redio mkononi. Noeline alikuwa ameleta ramani ya bara. Kubwa, ile iliyokaa kwenye droo miaka yote. Aliikunjua magotini akawa anachora kwa penseli: hapa kuona nyangumi, hapa tukae wiki. Sijamwona hivyo tangu tulipokuwa vijana. Nikakanyaga mafuta kwa ajili yake. Naapa.

Tukaingia Gilroy. Konokono akapiga mluzi, na gari likapanda! Ule mti wa kando ya barabara, tulipokwama Pasaka iliyopita, tukaupita. Noeline akapiga makofi. Akanipiga busu la shavu, mlimani, gia ya tatu!

Hapo ndipo Pomfret alipozungumza redioni. Aliuliza mkia uko salama. Tu. Lakini kwa sauti ile.

Nikabonyeza kitufe. Nikamjibu makala yake yote, aya kwa aya. Nikaanza na meno. Nikapitia woga wa kitaifa, watu wanaoogopa kila kisichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na mwinuko mzima ukanisikiliza, kwa sababu nikishika kitufe hakuna mwingine anayeweza kusema. Noeline alikuwa akiniambia kitu kuhusu harufu. Nikamwonyesha kidole, asubiri. Nilikuwa kwenye hitimisho.

Kisha mlio. Kama mtu kaangusha kabati la vyombo ndani ya boneti. Kisha moshi, mweupe safari hii. Kisha kimya.

Nikatazama gotini. Sindano ilikuwa imepita nyekundu, imelala upande wa pili kama aliyezimia.

Nikasubiri mtu atuokote. Ilinichukua muda kukumbuka. Mwokoaji ni mimi. Kamba ilikuwa kwangu, koleo kwangu. Wengine wote walikuwa mbele wakikata kona, na nyuma ya mkia barabara ilikuwa tupu kabisa isipokuwa kunguru mmoja.

Nikatangaza redioni kwamba mkia umesimama kidogo kutazama mandhari.

Noeline akaikunja ramani. Taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, akairudisha ndani ya mkoba. Akanyoosha mkono, akaichukua redio. "Lindsay, njoo utuvute."

Akaja. Alikuwa ameiacha karavani yake kileleni. Nilitegemea mluzi, hakupiga. Alifungua boneti, akaitazama ile rangi ya kucha, akatazama vidole vya Noeline, akaifunga boneti polepole. Hilo lilikuwa baya kuliko mluzi.

Akajaribu kutuvuta. Hatukusogea. Akauliza tumebeba nini, matofali? Noeline akasema hapana, vitabu vilibaki nyumbani. Kisha akanitazama usoni. Akaenda akainua kitanda.

Ikabidi wanachama warudi na magari yao. Kila mmoja kapakia sanduku. Tumevuka Gilroy nyuma ya Pomfret, wepesi kama unyoya.

Jumamosi, 8 Aprili

Fundi wa kambini kachungulia kwa taa ndogo. Pistoni mbili zimeyeyuka. Nikasema hadharani, motoni, soseji zikiungua, kwamba hilo haliwezekani, pistoni haiyeyuki kwa joto la moshi tu.

"Subiri," akasema Pomfret. Akaingia kwenye karavani yake, akatoka na juzuu yangu ya kwanza. Herufi A. Alumini. Akasoma kwa sauti. Akarudia sentensi ya joto la kuyeyuka, polepole, kwa ajili ya waliokaa mbali. Sasa kila mtu kambini ana juzuu. Siwezi kusema hata kwamba mvua hutoka juu. Mama mmoja wa karavani ya jirani anasimama kwenda kuhakikisha.

Vitabu vyangu! Askari wangu mwenyewe wamenigeuzia mikuki!

Jumatatu, 10 Aprili

Nimekata rufaa kwa Noeline. Nikamweleza kwamba kamba iliyotuvuta ilikuwa yangu, kwa hiyo kisheria tulivutwa kwa kamba yetu wenyewe. Akaniambia vizuri, niende nayo Port Carrow nikaanikie nguo.

Karavani imeuzwa. Mpwa wa Pomfret kaichukua, pamoja na chupa ya rangi ya kucha iliyokuwa kwenye droo. Noeline kampa na ile ramani. Alisema kuna alama za penseli, asizifute, ni nzuri. Kisha akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Nilisimama mlangoni.

Baadaye Glenys akapiga simu. Fleti iko tayari. Mume wake, Trevor, ana hamu ya kutupokea, ana mashua ya kuvulia. Mashua kuukuu, ya dizeli, akasema Glenys, haina haraka. Ikirudi kupitia mdomo wa mto wakati maji yanapwa, huhema kama ng'ombe mgonjwa.

Nikaomba nipewe simu. Nikamuuliza Trevor kama ina turbo. Hana habari nayo, akasema, mashua inamtosha ilivyo.

Ndivyo wanavyosema wote!

Mashua ya dizeli. Na pwani. Bara hili, ukilitazama vizuri kwenye ramani, limezungukwa na bahari pande zote. Nani alisema lazima lizungukwe kwa barabara?

Ukurasa huu naupeleka kwenye jarida la chama, uchapwe kama ulivyo. Wanachama wa Tarrabee, nawaambia ninyi: rudisheni juzuu zangu kabla ya Jumatano, na wewe Pomfret, ile ya kwanza, bila kukunja kona za kurasa. Kosta, gari likifika gerejini kwako, mtoe konokono kwenye hiyo maiti, msugue, mfunge kwenye gazeti, umtume Port Carrow kwa jina la Trevor. Na ninyi nyote mtakaousoma, fungeni midomo: Noeline asijue.