Kuhusu Daftari la Zamu na Kiti Changu cha Jumatano

Kwa Mwenyekiti na Kamati ya Wazazi,
Chekechea ya Ushirika.

Wanangu,

Poleni na vikao. Anayesema ni bibi yake Redio, yule mtoto tuliyempa jina hilo kwa utani kwa kuwa tangu aanze chekechea hajatoa sauti darasani. Anayeandika ni jirani yangu, fundi cherehani. Nimemkataza kuremba. Nikisema upuuzi, aandike upuuzi.

Nimepata habari kwamba kuanzia mwezi ujao sitashika tena zamu ya Jumatano, kwa sababu mzazi wa zamu lazima aandike ripoti kwenye daftari, na kurasa zangu zote zina alama ya dole gumba tu. Ni kweli. Shule sikwenda hata siku moja. Lakini mama yake Redio ni muuguzi, na zamu za hospitali hazimwachii nafasi ya zamu zenu, ndiyo maana nakuja mimi. Basi kwa heshima zote naleta malalamiko yangu, na mniwie radhi yakiwachoma.

1. Daftari linasema uongo. Nimelibeba nyumbani (litarudi), fundi akanisomea kurasa kumi. Zote zinasema, "Watoto walishiriki vizuri." Moja ni ya siku aliyokuwa zamu Mwenyekiti mwenyewe. Siku hiyo nilipokuja kumchukua Redio nilikuta mtoto wa Mwenyekiti kamng'ata mwenzake mkono, meno yote yanahesabika. Kushiriki alishiriki, sikatai.

2. Anayeandika haoni. Mama muuza vitambaa aliinama kwenye daftari akitafuta neno zuri, huku nyuma yake watoto watatu wanagawana chaki kama biskuti. Akaandika kwamba darasa lilikuwa tulivu. Lilikuwa tulivu kweli, midomo imejaa.

3. Mzazi wa zamu hukaa kwenye kiti kikubwa, mezani, karibu na mlango. Mimi hukaa dirishani, kwenye kiti cha watoto, kile chenye mguu uliofungwa waya. Magoti yananifika masikioni, na kuinuka nahitaji watoto wawili wa kunivuta. Lakini kutoka pale naziona pua zote, na najua ipi inataka kufutwa. Nani kati yenu amewahi kuziona pua zote?

4. Dole gumba langu lina habari, ila hamkuuliza. Dole katikati ya ukurasa, siku ilikuwa njema. Dole pembeni, kuna aliyelia. Madole mawili, kuna aliyejikojolea, nimembadilisha nguo, na jambo limeishia hapo. Halina haja ya kusomwa kikaoni mbele ya watu wazima thelathini.

5. Kikao cha kuchagua rangi ya ndoo kilichukua saa tatu. Watoto walilala sakafuni wakiwasubiri, na ndoo mpaka leo hatujaiona. Mlitoka mmenuniana, wengine hawakusalimiana wiki nzima. Watoto wenu wakigombana huwa wamepatana kabla mimi sijainuka kitini, na mmeshajua nainukaje.

Kwa hiyo naomba daftari lifungwe na kalamu ziachwe mlangoni pamoja na viatu. Zamu wapewe wasiojua kusoma peke yao. Mwenye cheti aoshe vikombe mpaka asahau alichosomea. Na kama hayo hayatoshi, wazazi wote muandikishwe darasani. Tutawaleta asubuhi, tutawafuta pua, mtalala kidogo mchana, kisha tuje kuwachukua mkiwa mmetulia. Mwenyekiti akalishwe peke yake kwanza tumwangalie, maana tabia ya kung'ata lazima kuna mahali imetoka.

Mkikataa, sitagombana na mtu. Ila mjue kwamba siku nyingine zote goti ndilo linaniamsha. Jumatano naliamsha mimi.

Nisalimieni mwalimu, mama wa jikoni, na mapacha wa fundi bomba. Msalimieni aliyeng'atwa. Aliyeng'ata naye msalimieni, nampenda.

Wenu katika kufuta pua,

Bibi yake Redio
(dole gumba, pembeni)

N.B. Msitie bahasha hii kabatini bado. Baada ya kuweka dole nilimwambia fundi anitafutie uongo mwingine, naye akafungua ukurasa wa Jumatano iliyopita, siku niliyolazwa na goti na fundi bomba akanishikia zamu. Mwandiko wake unatambaa kama kaa, lakini fundi wangu wa cherehani ameusoma. Mstari wa kwanza, "Watoto walishiriki vizuri." Chini yake: "Nilitaka kukaa kiti cha dirishani. Redio akasema, Usikae, hicho cha bibi."

Ndiyo maneno yake ya kwanza darasani. Nyumbani hakuniambia kitu, na fundi bomba husahau hata vifaa vyake. Bila daftari nisingejua mpaka naingia kaburini.

Basi daftari lisifungwe. Nunueni na la pili, likijaa hili. Mwandishi wangu analalamika kwamba sasa barua nzima imebomoka, nimemwambia ailete hivyo hivyo. Kalamu nazirudisha kwenu, kiti ndicho sirudishi, kwa kuwa kuna mtu ananilindia.

Na kuhusu ripoti, fundi wangu amenionyesha neno la mwisho la mstari ule wa Redio. Nimelitazama tangu mchana. Nitaanza na hilo, mengine nitayaongeza moja moja kila Jumatano. Hapo chini nimeliandika mwenyewe. Mkiona limepinda, kalamu ni ya fundi.

bibi