Balozi Mkuu wa Chai ya Kiuno

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mtu wa maana lazima aache kumbukumbu.

Leo nimeshona vifungo arobaini na viwili. Kimoja nilikishonea kwenye mkono wa shati langu mwenyewe, ila hilo halina haja ya kuandikwa. Duka la sare za shule ni la mke wangu. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi wananiita Mume wa Fundi, jina ambalo halinitoshi.

Asubuhi alikuja msichana mmoja wa miaka kumi na minne, golikipa wa timu ya shule. Tunamwita Kipa. Anataka sketi ipunguzwe kiuno, mara ya tatu tangu shule zifunguliwe. Nikafurahi, kazi ni kazi. Mke wangu hakufurahi. Alimpima, akafungua daftari la vipimo, akafunua kurasa za nyuma, akafunua tena. Akaniita nimsomee namba. Wasichana kumi na tisa. Viuno vimepungua inchi mbili, tatu, kimoja inchi nne.

Akamkalisha Kipa, akamuuliza taratibu. Kumbe kuna chai. Inatangazwa kwenye simu na kampuni kubwa, ile yenye jengo la vioo katikati ya mji. Kwenye video wasichana wa rika lake wanacheza, wanakunywa, wanageuka upande. Wanaambiwa mama asijue. Wiki iliyopita Kipa alianguka golini. Anasema aliona mipira miwili, akadaka ule ambao haukuwepo.

Mke wangu alitoa pini mdomoni moja moja, akaomba kalamu na karatasi. Anaiandikia ofisi ya kulinda walaji. Wale wana jengo la vioo, yeye ana cherehani tatu. Sijawahi kuona mtu asiyejali ukubwa wa adui kiasi hicho. Nimevutiwa sana. Nimeamua kuiongoza kampeni hii.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu aliipeleka barua mwenyewe jana. Alikaa kwenye benchi la ofisi ile tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, mpaka ikagongwa muhuri mbele ya macho yake. Mimi ningerudi nyumbani saa tatu. Leo wamempigia simu. Alhamisi ya wiki ijayo pande zote mbili zitasikilizwa. Kampuni italeta wakili. Yeye alete ushahidi.

Hapo ndipo akaingia Kioo. Huyu ni fundi simu wa chumba cha jirani, anabadilisha vioo vilivyopasuka, na anatembea na lenzi kwenye paji la uso kama jicho la tatu. Amejitolea kumsaidia mke wangu kuhifadhi matangazo. Anamwita dada. Mimi ananiita shemeji. Nani alimpa undugu huo, sijui.

Lazima nimpiku. Mke wangu alipotoka, nilifungua akaunti. Msichana, miaka kumi na minne, anapenda muziki na usafi. Picha ndiyo iliyonisumbua, maana uso wangu una masharubu. Nikachukua sanamu la kuvalishia nguo, nikalivika sweta la shule na sketi, nikalipiga picha dirishani penye mwanga. Halina kichwa. Nikaandika kwamba mimi ni mtu mwenye haya.

Sijamaliza matundu ya vifungo vya shati moja, tangazo la kwanza la chai likaingia.

Ijumaa, 7 Machi

Kampuni imeniandikia! Kampuni yenyewe. Imeniita mrembo. Wanasema wataalamu wao wameiangalia picha yangu kwa makini: umbo zuri, ila kiuno bado kinene kidogo. Nikalitazama sanamu. Nikaumia kwa niaba yake.

Wakauliza umri. Nikajibu kumi na minne, kwa tarakimu na kwa maneno, maana napenda mambo kamili. Wakasema huo ndio umri mzuri wa kuanza. Mama akiuliza, niseme ni chai ya mafua.

Nilitaka kumpelekea mke wangu simu papo hapo. Nilishasimama. Lakini ujumbe mwingine ukaingia: wameniteua Balozi. Maisha yangu yote sijawahi kuteuliwa. Hata kwenye kamati ya maji ya mtaa kazi yangu ilikuwa kupanga viti. Nikakaa tena.

Balozi anatakiwa kuleta marafiki watano wa rika lake. Mtoto wa mtu sitamgusa, nina mipaka. Nimewatengeneza mwenyewe: sanamu lile lile, masweta ya shule tano. Kufikia jioni nilikuwa Balozi Mkuu. Marafiki zangu wote watano wameambiwa wapungue.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa nimelala. Jana pakiti za chai zilifika kwa pikipiki. Nikaonja kwa ajili ya uchunguzi. Vikombe vitatu, kwa sababu karatasi ilisema Balozi ni mfano kwa wenzake. Tangu hapo makao yangu ni chooni. Suruali inashuka yenyewe. Nilimwambia mke wangu ni chakula cha jana. Akasema chakula cha jana tulikula sote.

Mchana aliiona pakiti chini ya mto. Akaomba simu. Nikampa, nikafumba macho, nikasubiri maneno. Alisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuruka hata mstari. Anavyosoma ndivyo anavyoshona.

"Uliwaambia una miaka kumi na minne?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na wakaendelea?"

"Wakanipandisha cheo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akarudi kwenye ule ujumbe wa chai ya mafua. Akaniambia Kipa aliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Akanikorogea maji yenye chumvi na sukari, akaninywesha kwa kijiko, akafunga ushungi, akaenda na simu kwa Kioo.

Nikipata nguvu nitaandika zaidi juu ya mwanamke huyu. Sasa hivi lazima niende tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimepona, ila mkanda umehitaji tundu jipya.

Siku mbili hizi mke wangu akifunga duka anaingia nyumba kwa nyumba. Anawaomba akina mama ruhusa ya kutumia vipimo vya binti zao. Hatataja jina la mtoto yeyote, namba tu. Mama mmoja alimfungia mlango, akisema fundi nguo hana haja ya kumfundisha malezi. Mke wangu alirudi dukani, akachukua sketi ya huyo binti iliyokuwa ikisubiri kazi, akaipitishia dirishani kwa mama huyo. Mama akaona mwenyewe imekunjwa kiunoni mara ngapi. Mlango ukafunguliwa. Walikaa ndani muda mrefu, na mke wangu alipotoka bega lake moja lilikuwa limelowa machozi yasiyo yake.

Kati ya kumi na tisa, kumi na saba wamekubali.

Mimi nimeandika hotuba. Kurasa kumi na moja. Nikamdokeza mke wangu kwamba waandishi wa habari wanaweza kuja, na kiongozi anahitaji suti. Akasema ana sare thelathini za kumaliza. Lakini usingizini nilisikia cherehani, na asubuhi nikakuta koti langu la zamani limetiwa bitana mpya. Vifungo vya leo nimevishona nikiwa nimelivaa.

Jumatano, 12 Machi

Kosa dogo.

Muungwana humwarifu mpinzani wake. Kwa hiyo asubuhi niliiandikia kampuni kwamba mimi, Balozi Mkuu, najiuzulu wadhifa wangu, na tuonane kesho ofisi ya walaji. Nikatia jina langu la kweli na cheo.

Dakika ishirini tu, kila kitu kimefutwa. Ujumbe wote, uteuzi, marafiki zangu watano. Wale wasichana wanaogeuka upande nao hawapo. Ukurasa mzima sasa ni wanawake watu wazima wanakunywa chai bustanini.

Nilizunguka duka mara tatu kabla ya kumwambia. Aliweka mkasi mezani. Nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari kulia naye. Akasema kwa utulivu kwamba Kioo alishanakili kila kitu Jumapili ile ile. Kurasa mia na sita zimechapishwa. Nakala moja iko kwa mwalimu mkuu. Nikamuuliza haraka yote ile ilikuwa ya nini.

"Nakujua," akasema, akachukua mkasi.

Kioo alipita baadaye akaniambia pole, shemeji. Nimemshukuru kimoyomoyo, tena kwa kifupi.

Alhamisi, 13 Machi

Siku kubwa. Chumba kidogo cha ghorofa ya pili, feni moja, meza ndefu. Mwenyekiti ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Wakili wa kampuni alikuja na wasaidizi watatu wa kubeba mafaili. Mke wangu alikuja na daftari lake, Kioo, Kipa na mama yake, na sanamu la dukani limefunikwa shuka jeupe. Mbebaji mimi. Njiani watu walinipa pole ya msiba.

Wakili anajua kusema, lazima nikiri. Akasema kampuni haiwatangazii watoto. Vipimo vya fundi nguo si vya hospitali. Na huo ushahidi mkubwa wa upande wa pili ni wa mwanamume mwenye masharubu aliyejifanya mtoto. Watu wakanigeukia. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetambulishwa.

Nikasimama na hotuba. Nilifika mstari wa nne, kwenye maneno "tangu utotoni mwangu", mwenyekiti akaniomba nikae.

Akasimama mke wangu. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, alisahau kuivua. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kumwambia mteja aje Ijumaa.

"Huu mwaka wa ishirini na mbili napima watoto wa shule," akasema. "Mtoto wa miaka kumi na minne anaongezeka. Ndiyo maana nikishona naacha nafasi. Watoto kumi na saba hawapungui kwa pamoja bila sababu. Kuna mtu anawapunguza."

Wakili akatabasamu. Akasema kampuni inajali afya, na ndiyo maana wataalamu humwangalia kila mteja mmoja mmoja kabla ya kumshauri. Mke wangu akamwomba arudie. Akarudia, kwa fahari kabisa. Mke wangu akavuta shuka.

Alilipima sanamu mbele yao. Kiuno inchi ishirini na nne. Akaweka mezani picha yangu ya dirishani, kisha akasoma ushauri wa wataalamu: umbo zuri, ila kiuno bado kinene kidogo.

"Hili ni mbao na pamba," akasema. "Halina kichwa. Wasichana wangu wana vichwa, na waliwaamini."

Hakuna aliyecheka. Nilitazama kulia na kushoto, nikitamani kumwambia kila mtu kwamba huyo ni mke wangu.

Kisha Kipa akasimama, mama yake kamshika mkono. Akasoma ujumbe aliotumiwa yeye, wa kweli, mtoto wa kweli. Sauti ilimtetemeka kwenye chai ya mafua, lakini alimaliza. Mwenyekiti akaweka karatasi yake na yangu sambamba, akamuuliza wakili anaona tofauti gani. Wakili akaomba maji.

Jumatatu, 17 Machi

Uamuzi umetoka. Kampuni iache mara moja kutangaza chai hiyo kwa vijana. Iwatoe wasichana wote kwenye video zake. Iwagharamie wale wasichana matibabu. Na kwenye ukurasa ule ule ilipouzia chai, iandike ilichokifanya, na maandishi hayo yakae miezi sita bila kufutwa. Faini itapangwa. Wakili amesema watakata rufaa. Mke wangu amesema basi na aambiwe siku, afunge duka mapema.

Kipa alidaka juzi Jumamosi. Wamefungwa matatu. Mke wangu alipiga makofi hadi mwisho wa mchezo, mimi nikidhani hajui matokeo. Akasema yeye alikuwa akihesabu mara ambazo hakuanguka.

Gazeti limetoa picha: mke wangu, Kipa, sanamu. Pembeni kuna kiwiko cha mtu aliyevaa koti. Ni changu. Nimeikata picha, nimeibandika ukutani, na kila mteja namwonyesha kiwiko. Kisha namwonyesha yule wa katikati, na hapo huwa naongea zaidi ya nilivyokusudia.

Alhamisi, 20 Machi

Wamekuja akina mama wa shule ya pili. Safari hii ni wavulana, na kampuni nyingine, inayowauzia mafuta ya kuotesha ndevu. Watoto wana malengelenge mashavuni. Mke wangu amewapa viti, akafungua ukurasa mpya wa daftari. Yeye na Kioo wamegawana kazi. Mimi ameniomba kwa upole nishughulike na vifungo, na simu nisiiguse. Nimemwahidi.

Nimemtazama mchana kutwa akiwasikiliza akina mama wale, mmoja baada ya mwingine, bila kuangalia saa. Mtu kama huyu anastahili zawadi ya kushtukiza.

Saa saba, walipokwenda kula, nilifungua akaunti. Mvulana, miaka kumi na sita, anatafuta ndevu. Picha ni ya bega langu tu, nimekuwa mwangalifu. Wamejibu tayari. Wanasema nina sura ya uongozi.

Hawa wanaonekana watu wa kweli.